Mwanamke Aliye Ndani ya Rekodi Yangu

Wiki jana mliniacha kwenye kiti cha Kiarie kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado, na gazeti la Jumapili mkononi.

Na wewe uliyeokota hadithi hii leo kwenye karatasi ya kufungia nyama, nitakueleza kwa kifupi tusichelewe. Naitwa Lazarus Otiende. Mchana niko kwenye kiwanda cha nguo hapa Eldoret, lakini gita ndiyo roho yangu. Mke wangu Akello alipofariki, nilijifungia nyumbani nikatunga nyimbo nane za polepole, zile ambazo Waamerika weusi huziita blues, ila mimi niliziimba kwa maneno ya kwetu ziwani. Bwana Gathogo mwenye duka la rekodi akanipeleka studio Nairobi. Niliimba peke yangu. Nilipiga gita peke yangu. Hakukuwa na mtu mwingine mle ndani isipokuwa fundi wa mitambo, na hata yeye alifuta macho.

LP, rekodi kubwa yenye nyimbo zote nane, ikatoka. Kwenye jalada Gathogo aliweka picha ya shamba la mahindi la Moi's Bridge, kwa sababu ndiyo picha aliyokuwa nayo. Sikujali. Mimi sina gramafoni nyumbani, kwa hiyo nakala yangu niliitundika ukutani nikasubiri wakosoaji waseme.

Basi walisema.

Bwana Kituyi, yule mkosoaji wa Nairobi anayeogopwa na bendi zote, aliandika hivi:

"Eldoret imetuletea binti mwenye sauti nyororo kuliko zote tulizosikia mwaka huu. Ni furaha tupu, muziki wa kumwinua hata mgonjwa kitandani. Kasoro ni moja tu. Mpiga gita, Bwana Otiende, anapiga kama mtu anayefukuzwa na mbwa. Tunamshauri ajifunze kutulia."

Nilisoma tena. Nilidhani macho yangu yameharibika.

"Binti gani?" nikauliza kwa sauti.

Kiarie alisimamisha mashine yake juu ya sikio langu. "Otiende, kumbe ulikuwa umetuficha msichana! Na anaimba, haki ya Mungu! Redio wanampiga kila asubuhi kabla ya bei ya mahindi."

"Kiarie, hakuna msichana!"

"Sawa, sawa. Mwanaume ana siri zake."

Wateja wote kwenye benchi wakacheka. Niling'oa kile kitambaa cha kinyozi shingoni nikatoka na kichwa changu cha nusu. Mimi, ambaye bendi zilinifukuza mara tatu kwa sababu napiga polepole mno, ndiye ninayefukuzwa na mbwa?

Kabla sijafika kwa Gathogo niliusikia wimbo. Alikuwa ameweka spika mlangoni kama kawaida yake, na vijana walikuwa wamejaa kwenye veranda wanakatika viuno. Gita lilikuwa linakimbia. Na juu ya gita kulikuwa na sauti ya msichana, nyembamba, nyepesi, inaimba: Akello, binti wa Asembo, nani atawasha moto?

Maneno ni yangu. Gita ni langu. Sauti siijui.

Nilipita katikati ya wale vijana kwa viwiko, nikaingia hadi kwenye gramafoni iliyokuwa juu ya kaunta. Rekodi ilikuwa inazunguka kwa kasi ya kutisha. Kando kulikuwa na swichi, na swichi ilikuwa kwenye arobaini na tano.

Kama hujui mambo haya, ni rahisi. Ile rekodi ndogo ya wimbo mmoja, ambayo ndiyo kila mtu ananunua hapa kwetu, huzunguka haraka, mara arobaini na tano kwa dakika. Rekodi kubwa, LP, huzunguka polepole, thelathini na tatu. Ukiicheza kubwa kwa mwendo wa ndogo, mwanaume mzima anakuwa msichana.

Nikabonyeza swichi. Gita likatulia. Sauti ikashuka, ikashuka, hadi ikawa mimi, Lazarus, namlilia mke wangu.

Vijana mlangoni wakapiga kelele. "Aaah! Nani ameharibu? Rudisha ile ya msichana!"

Mmoja akarusha ganda la muwa.

Gathogo alitoka nyuma ya duka akipangusa mikono. Ni mtu mnene wa Nyeri, mpole, anayeita kila mtu ndugu. Alinyoosha mkono taratibu akairudisha swichi kwenye arobaini na tano. Veranda ikashangilia.

"Umenyolewa na nani?" akaniuliza.

"Gathogo, usinichezee! Anayeimba hapo ni nani?"

"Si ni wewe."

"Mimi naimba kama msichana?"

"Kwa hiyo spidi, ndiyo." Akaniinulia nakala nyingine ya rekodi yangu nione ile karatasi ya duara iliyobandikwa katikati. Pale chini, kwa herufi ndogo safi, palikuwa pameandikwa 45. "Ni karatasi zangu za kila siku, ndugu yangu. Tangu nianze hii biashara nimetoa rekodi ndogo tu. Yako ndiyo kubwa ya kwanza. Nilimpelekea mpiga chapa jina lako na majina ya nyimbo, hiyo namba sikuikumbuka. Ni makosa ya kibinadamu."

"Na ulijua lini?"

Akakuna kidevu. "Siku ya kwanza."

"Siku ya kwanza! Na ukanyamaza?"

"Nilitaka kuzirudisha zote, naapa. Halafu watu wa Moiben wakaja na pikap wanatafuta ile ya msichana. Ningefanya nini? Niwafukuze wateja?"

"Yale ni maombolezo, Gathogo! Namlilia mke wangu na watu wanakatika viuno!"

"Wanakatika kwa sababu wamefurahi. Ubaya uko wapi? Wewe ukilia polepole, nani atanunua kilio chako? Kila mtu ana chake nyumbani."

Nilitaka kumpiga. Nawaambia ukweli, mkono ulikuwa umeshainuka. Kilichonizuia ni kwamba alianza kuzungumza kwa kunong'ona, na Gathogo hanong'oni.

"Sikiliza. Jumamosi kuna harambee ya zahanati pale ukumbi wa manispaa. Mgeni wa heshima ni Bwana DC, mkuu wa wilaya mwenyewe. Amesikia huu wimbo redioni. Ameagiza msichana aletwe."

"Mwambie hakuna msichana."

Gathogo akatazama ile picha ya Mtukufu Rais iliyo juu ya rafu, ambayo kila duka mjini lazima liwe nayo, kisha akanitazama mimi.

"Utamwambia wewe? Siku hizi mtu akimharibia mgeni wa heshima siku yake, vijana wa chama tawala wanakuja kuuliza anapinga nini. Mimi niwaambie nini? Kwamba tuliwadanganya kwa redio ya serikali? Nina leseni, Otiende. Nina watoto shule. Na wewe una kazi kiwandani. Bado unayo, sivyo?"

Hapo hasira yangu ilikosa pa kwenda ikabaki kifuani inanichoma.

"Na huyo msichana utamtoa wapi? Utamzaa?"

"Nimeshampata. Rekodi itacheza nyuma ya pazia, yeye atafungua mdomo tu. Wewe utakaa kando na gita uchezeshe vidole." Akageukia mlango wa nyuma. "Benta! Toka, shemeji yako amekuja."

Wasomaji, subirini niwaeleze.

Benta ni mdogo wake Akello, wamenyonya ziwa moja. Anafanya kazi kwa daktari mmoja Elgon View, anapika na kulea. Alitoka amevaa gauni la kung'aa la rangi ya kijani, pini bado ziko mabegani. Hakuniangalia usoni.

"Shemeji," akasema.

"Usiniite shemeji! Unajua huo wimbo ni wa nani? Utasimama mbele ya watu ufungue mdomo kama samaki juu ya kaburi la dada yako?"

"Nipigie kelele, ukimaliza nikwambie."

"Nimemaliza!"

"Hujamaliza. Lakini nitasema tu." Akakaa juu ya kreti ya soda. "Siku ya kwanza redio ilipoucheza nilikuwa naosha vyombo vya daktari. Nikakaa chini, kwa sakafu, na maji yanamwagika. Otiende, hiyo ni sauti ya Akello. Si kufanana. Ni yeye kabisa, vile alikuwa anaimba kwa kwaya kabla hujamjua. Wewe hukumsikia akiwa msichana. Mimi nililala naye kitanda kimoja."

Kule mlangoni ile sauti ilikuwa bado inaimba, na sasa, Mungu wangu, hata mimi nilianza kuisikia.

"Na Mama pia ameisikia," Benta akaendelea. "Kule nyumbani Asembo, kwa redio ya jirani. Alituma mtu aniulize kama Akello aliingia studio kabla ya kufa."

"Ukamwambia nini?"

"Nikasema ndiyo."

"Benta!"

"Ungesema nini wewe? Tangu mazishi Mama alikuwa hali chakula hadi alazimishwe. Sasa anakula. Anaamka asubuhi anaoga, anakaa karibu na redio. Anaambia watu mtoto wake ameimba jina lake mwenyewe, kama waimbaji wetu wote wanavyojisifu kwa majina yao. Akello, binti wa Asembo. Unataka niende nimwambie huyo ni mume wa marehemu anayezungushwa haraka?"

Gathogo akapata la kusema. "Unaona? Hata nyumbani wanafurahi."

"Wewe nyamaza!" tukamwambia wote wawili, mimi na Benta, kwa pamoja.

Halafu Benta akasema neno ambalo lilinimaliza. "Na Mama anakuja Jumamosi. Nimemwambia nitasimama mahali pa dada yangu. Kwetu mdogo kushika nafasi ya dada marehemu si aibu. Unajua."

Niliondoka bila kuaga. Kiarie alimalizia kichwa changu bila kuuliza kitu, na hilo namshukuru. Lakini nilikuwa nimeshaapa kwamba mambo hayo hayatafika Jumamosi. Nilikuwa bado na njia moja, nayo ni yule aliyeandika. Akiandika tena, kwamba alikosea, basi DC atasoma gazeti kama watu wengine na hakuna atakayelaumiwa isipokuwa namba.

Bwana Kituyi alifika Ijumaa, amekuja kumwona yule binti aliyemsifu gazetini. Nilimpata kwenye hoteli anakunywa chai na mandazi, tai imefungwa vizuri, miwani puani. Nilijitambulisha.

"Ah! Mpiga gita!" akasema. "Natumaini hukukasirika. Sisi kazi yetu ni kuwajenga."

"Sijakasirika," nikasema, na huo ulikuwa uongo mkubwa kuliko wote niliowahi kusema Eldoret. "Naomba uje dukani usikilize kitu kimoja tu."

Alikuja. Gathogo alikuwa ameenda benki, nikamwomba kijana wake wa kaunta atupishe. Niliweka rekodi. Niliweka swichi kwenye thelathini na tatu.

Kituyi alisikiliza wimbo wa kwanza amesimama. Wa pili aliusikiliza ameinamia kaunta, amevua miwani. Wa tatu ulipokwisha alikuwa amenipa mgongo.

"Hii..." akasema. "Hii ndiyo ilivyoimbwa?"

"Ndiyo."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

Akageuka, na nawaapia macho yake yalikuwa mekundu. "Bwana Otiende, sijasikia kazi kama hii tangu nianze kuandika. Hakuna haraka hata kidogo. Kila noti inangoja nyingine ifike."

Nikapiga kaunta kwa kofi. "Basi utaandika!"

"Niandike nini?"

"Hivyo hivyo ulivyosema!"

Akavaa miwani yake. Nilimwona akivaa na uso wa kazi pia. "My friend, fikiria. Niambie Kenya nzima kwamba mimi, Kituyi, nilishindwa kutofautisha mwanaume na msichana? Kila bendi niliyowahi kuisema itanicheka hadi nizikwe. Mhariri atanifuta kazi. Na pia, tuwe wakweli, hii ya polepole watu hawataielewa. Ile nyingine wanaipenda. Waachie."

"Umelia hapa mbele yangu!"

"Ndiyo, na nakushukuru kwa hilo." Akanipa mkono, mkono wa pole wa matangani. Nikauacha ukining'inia.

Basi hapo ndipo nilipoamua. Walioielewa wameinyamazia, na wasioielewa wanaichezea. Nilisema moyoni, Jumamosi gramafoni itakuwa nyuma ya pazia, karibu na kiti changu. Nitanyoosha mkono tu. DC asikie, Kituyi asikie, chama kisikie. Wakinifukuza kiwandani nitaenda kulima kwa watu.

Jumamosi mchana ukumbi ulijaa hadi madirishani. Wazee wa kanisa, walimu, wafanyabiashara wa mahindi, akina mama wenye vitenge vya sare. DC alikaa mbele kwenye kiti chenye kitambaa. Kituyi alikuwa safu ya pili na kalamu yake. Gathogo alikuwa ameweka gramafoni nyuma ya pazia, ubavuni kabisa mwa kiti changu, ili niizime wimbo ukiisha. Hakujua alikuwa ananikabidhi kisu.

Benta akapanda jukwaani na gauni lake la kijani. Watu wakapiga makofi. Gathogo akaweka sindano, gita likaanza kukimbia, nami nikaanza kuchezesha vidole kama mwendawazimu. Benta akafungua mdomo. Akello, binti wa Asembo, nani atawasha moto?

DC akaanza kugonga mguu. Mguu wa DC ukigonga, ukumbi mzima hugonga.

Nikaacha gita kwenye paja, nikapeleka mkono nyuma ya pazia. Kidole kikaigusa swichi. Baridi.

Ndipo nikamwona Mama Tryphosa.

Mama mkwe wangu alikuwa ameketi mwisho wa safu ya kwanza, kati ya akina mama wa kanisa, mkoba magotini. Alikuwa amekonda, lakini alikuwa amepaka mafuta na amefunga kitambaa kipya. Macho yake yalikuwa yamefumbwa. Alikuwa hamwangalii Benta hata kidogo. Alikuwa anasikiliza tu, midomo inafuata maneno, na anatabasamu.

Sijawahi kuwa na hasira namna ile. Hasira na Gathogo, na Kituyi, na yule aliyepiga chapa zile karatasi, na mimi mwenyewe. Kwa sababu mkono wangu ulirudi. Uliniasi. Nisingeweza kumzika Akello mara ya pili, mchana, mbele ya mamake. Nikasema basi. Waichukue. Nikarudisha vidole kwenye nyuzi nikaendelea kufukuzwa na mbwa.

Wimbo ulikuwa umefika katikati Mama Tryphosa alipofumbua macho. Akasimama. Mwanamke aliyekuwa kando yake akamshika kitenge, lakini Mama akajitoa. Akapita mbele ya DC bila kuinama, akapanda zile ngazi za jukwaa moja moja, akaja moja kwa moja hadi kwangu.

Kwetu mkwe na mama mkwe hawakaribiani. Hatupeani mkono, hatuli meza moja, hata kuimba mbele yake ni kukosa adabu. Tangu tumzike Akello alikuwa hajanisemesha. Nikainuka haraka, nikainamisha kichwa, nikamwona amesimama karibu hadi nasikia harufu ya mafuta aliyopaka. Benta alikuwa amesahau kufungua mdomo. Sauti ikaendelea kuimba bila mtu, na ukumbi ukaanza kunong'ona. Gathogo alikuwa ameniinulia mikono yote miwili kutoka pembeni, ananiomba kwa macho.

"Mkwe wangu," Mama Tryphosa akasema.

"Mama."

"Hiyo mashine iko nyuma ya kitambaa, ni wewe unaiendesha?"

"Ndiyo, Mama."

"Ipunguze." Hakuwa amekasirika. Alikuwa ananiomba kama mtu anayeomba maji. "Mtoto wangu hakuwa anakimbiza wimbo. Hata akiwa mdogo, kwaya ilikuwa inamngoja. Ipunguze nimsikie vizuri. Alikokuwa anaenda ameshafika, ana haraka ya nini tena?"

DC alikuwa ameacha kugonga mguu. Kituyi alikuwa amesimama. Mama akafumba macho yake tena, akafunga mikono yake mbele, akangoja.

Nikiipunguza, atakayemsikia ni mimi, si mtoto wake, na kidole changu kilikuwa kimesharudi juu ya swichi.